Wimbi la Tano

Kizota, saa nane na nusu usiku.
Kinu cha alizeti kimenyamaza,
nami nimepiga magoti mbele ya kabati la chuma
lililovimba kama shavu la mwenye jino bovu.
Kapasita tatu zimepasuka. Mafuta yamechuruzika
mpaka kwenye kandambili za Ndahani, mlinzi,
ambaye ameshaamua kuwa ni jini.
"Lilianza kama nyuki," anasema, "likapanda, likapanda,
halafu paa!"

Kapasita hizi nilizifunga mimi.

Mwaka jana Bwana Mhembano alinitandikia ankara mezani,
kidole juu ya mstari wa faini:
"Sechelela, huu ni umeme gani niliolipia bila kuutumia?"
Nikamwambia: ni umeme uliokutembelea.
Umefika, umeketi ndani ya mota, umeinuka,
umerudi ulikotoka, kisha umekuja tena,
na kila safari waya umeubeba.
Waya hauulizi nani mgeni, nani mfanyakazi.
Unabeba. Unachemka.
"Basi mgeni huyo alale hapahapa," akasema,
na ndiyo kazi ya kapasita: kumpa mgeni kitanda.
Pawa fakta ikapanda kutoka sufuri nukta sita nane
hadi tisa tano. Jumamosi ile
tukala mbuzi mnadani Msalato, kwa gharama yake.

Mwezi wa sita, magunia ya Kongwa yakiwa yamefika darini,
akanunua inveta sita za kuendesha mashine za kukamua.
Alinipigia simu kunijulisha.
Nikasema, sawa.
Nilikuwa juu ya ngazi, Chamwino, nimebana bisibisi kwa meno.
Nikasema sawa.

Sasa natazama kioo cha kipimo.
Wimbi lililopaswa kupanda na kushuka kama pumzi ya aliyelala
limeota mawe kama kilima cha Mlimwa.
Inveta haimezi umeme mzima; huunyofoa vipandevipande,
na kila kinyofoo huzaa ndugu: wa tano, wa saba, wa kumi na moja.
Umeme wetu hukanyaga mara hamsini kwa sekunde.
Wa tano hukanyaga mia mbili na hamsini,
anapiga hodi kwenye kapasita,
na transfoma, kule nje, anaitikia.
Wameitikiana miezi miwili. Ndahani ndiye pekee aliyewasikia.

Hawa ndugu nawafahamu.
Mjomba Chedego, kule Mvumi, alikuwa akiziba tundu la ilimba
kwa utando wa buibui, tena kwa makusudi,
ili ulimi mmoja ukiguswa, ndugu zake wote waamke.
Bila ule mkwaruzo, alisema, umeshika sanduku na misumari.
Akanikopa elfu kumi siku hiyo, hakurudisha,
lakini kwenye ilimba hakunidanganya.
Kumbe tofauti ni mahali tu:
pale mbao inawapokea, inawatoa hewani, wanakwisha.
Hapa hakuna hewa. Kuna shaba,
na shaba haina pa kuwatolea ila joto.

Kesho nitaleta koili, nzito kama mawe ya kusagia,
moja mbele ya kila kapasita.
Nitaishusha sauti yao hadi mia moja themanini na tisa,
chini ya wa tano,
ili akiita wasiwe na koo la kumjibu.
Hatakufa. Atapita tu, kama mtu aliyekosea nyumba.

Bwana Mhembano amefika, koti juu ya pajama.
Hajauliza kosa ni la nani.
Nimelisema hata hivyo, nikiwa bado magotini,
maana nikisimama ningepata maneno mengine.
Amelitazama kabati. Ameyatazama magunia.
"Koili shilingi ngapi?"

Ndahani anataka kopo moja lililopasuka,
atengeneze koroboi. Nimemkataza, mafuta yale si ya kuchezea.
Ananikubalia kwa kichwa,
na kwa mguu, polepole,
analisukuma nyuma ya mlango.